Konokono Anayeikimbia Bahari

Na Mwanachama wa Chama cha Sayansi, Kidato cha Tatu

Wasomaji wengi wa gazeti hili walihudhuria Siku ya Wazazi muhula uliopita. Waliopita mbele ya meza ya Chama cha Sayansi waliona chupa kumi na mbili zimepangwa safu moja, kila chupa na konokono wake wa baharini na kikaratasi cha jina. Meza ile ilikuwa kazi yangu. Nilijivunia kwa muda wa saa moja hivi, kisha nikaona haya mpaka jioni. Nataka kueleza sababu yake, kwa maana katika kosa lile nimejifunza mengi kuliko katika majibu niliyopata sawa darasani, na huenda msomaji naye akafaidika.

Mimi nimezaliwa bara. Kabla ya kuja shuleni hapa sikuwa nimeiona bahari ila katika picha. Nilipoambiwa nitengeneze maonyesho ya viumbe vya pwani nilikwenda maktaba, nikaazima kitabu cha elimu ya viumbe kilichopigwa chapa Uingereza, nikakuta humo picha ya konokono mdogo wa mwambani aitwaye Littorina littorea. Nikashuka ufukoni maji yalipokupwa, nikaokota konokono wote waliofanana na picha ile kadiri nilivyoona, nikawatia katika chupa zilizojaa maji ya bahari pomoni, nikazifunga vizuri zisimwagike. Juu ya kila chupa nikabandika jina lile lile la kitabuni.

Siku ya pili yake alikuja mzee mmoja mvuvi, babu wa mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza. Akasimama mbele ya meza, akazitazama chupa kwa muda mrefu.

"Shikamoo, babu," nikasema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Hawa umewatoa wapi?"

"Mwambani, babu. Juu kabisa, kule ambako maji hayafiki ila wakati wa bamvua."

"Basi ikiwa mwenyewe amechagua kukaa mahali pasipo maji, wewe umemfungia majini kwa nini?"

Sikuwa na la kujibu. Nikatazama chupa zangu, nikaona ya kuwa wengi wamekwisha kufa, na maji yameanza kuharibika. Nilikuwa nimedhani kwamba mnyama wa baharini siku zote hutaka bahari. Punde akafika mwalimu wetu, akasoma vikaratasi kimoja kimoja, akacheka kidogo. "Kitabu chako ni kizuri," akasema, "lakini kiliandikwa kwa pwani nyingine. Huyu uliyemwandika hapa haishi katika pwani yetu. Na katika chupa hizi naona namna nne au tano za konokono, wala si moja."

Tangu siku ile nimekuwa nikishuka ufukoni kila Jumamosi pamoja na mwenzangu mmoja mzaliwa wa pwani, ili nijue hasa wale wa chupa zangu walikuwa akina nani. Haya ndiyo niliyoyapata.

KONOKONO WA KITABUNI

Tuanze na yule wa kitabuni, ili tumjue na kumwacha mahali pake. Littorina littorea ni konokono ambaye Waingereza humwita periwinkle wa kawaida. Jina la Littorina limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya pwani. Makao yake ni miamba ya Atlantiki upande wa kaskazini: Uingereza, Ireland, Ufaransa, Norway na nchi zilizo jirani. Gamba lake ni nene, limezunguka kama kilemba chenye ncha, na rangi yake ni ya kijivu au ya kahawia iliyokaribia weusi. Mkubwa kabisa huweza kufika urefu wa sentimeta 5, ingawa wengi hawazidi 3. Akiwa hai na kutoa kichwa nje, utaona pembe zake mbili zina milia myeusi iliyokatiza. Watu wa huko humchemsha, wakamchomoa katika gamba kwa pini, wakamla.

Konokono huyu amekuwa msafiri. Mwaka 1840 aliripotiwa kuonekana Pictou, katika Nova Scotia nchini Kanada. Toka hapo alienea kuelekea kusini, pwani kwa pwani. Katika miaka ya 1870 alikuwa amekwisha kufika Cape Cod, Marekani, na kabla ya karne ile kwisha alikuwa New Jersey. Wataalamu walibishana muda mrefu kama alikuwa mwenyeji wa huko tangu kale au mgeni. Uchunguzi wa vimelea wanaoishi mwilini mwake, uliochapishwa mwaka 2008, uliwaunga mkono wale wasemao kwamba alitoka Ulaya. Inadhaniwa ya kuwa alivuka bahari katika meli, pamoja na mawe ya farumi.

Wala mgeni huyu hakukaa bure. Mwaka 1978 mtaalamu wa Kimarekani, Jane Lubchenco, alichapisha habari za majaribio aliyoyafanya katika vidimbwi vya mwambani huko New England. Alipowaondoa konokono katika kidimbwi, mwani laini wa kijani uliota kwa wingi ukakitawala. Alipowatia konokono katika kidimbwi kilichojaa mwani wa kijani, waliula ukapungua sana. Mahali walipo wengi, unaobaki ni mwani mgumu mwekundu wasioupenda. Mnyama asiyezidi kifundo cha kidole aweza kugeuza rangi ya pwani nzima.

Hayo yote kitabu kilisema kweli. Kosa lilikuwa langu, kumtafuta Mzungu wa Atlantiki katika mwamba wa Bahari ya Hindi.

WA KWETU NA MAHALI PAKE

Sisi tunao ndugu zake, wa ukoo ule ule. Ili kuwaelewa yapasa kwanza kuelewa mahali wanapokaa.

Katika pwani yetu maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, tofauti baina ya maji makavu na maji makuu hufika mita 3 na zaidi. Wakati wa maji mafu tofauti hiyo huwa ndogo sana. Kwa hiyo juu ya majabali ya matumbawe, na juu ya mashina ya mikoko, pana ukanda ambao bahari huufikia siku chache tu katika mwezi. Siku nyingine zote ukanda huo hupata rasharasha za mawimbi na pepo za chumvi, basi. Jua huuchoma, mvua huumwagia maji baridi. Si mahali pa samaki, wala si mahali pa konokono wa shambani.

Hapo ndipo alipo mwenyeji wetu. Ukitaka kumwona usikimbilie kule chini kwenye mwani na vidimbwi kama nilivyofanya mimi siku ya kwanza. Simama juu, mahali ambapo viatu vyako havilowani, ukatazame katika nyufa na vivuli vya jabali.

ALAMA TATU ZA KUMTAMBUA

Mwalimu wetu alitufundisha tutazame mambo matatu kwa utaratibu, na rangi tuiache iwe ya mwisho, kwa kuwa rangi hudanganya.

Jambo la kwanza ni mdomo wa gamba. Mgeuze konokono taratibu umtazame chini. Katika ukoo wa Littorina mdomo ni wa mviringo uliochongoka kidogo upande wa juu, kama tone la maji, na ukingo wake hauna meno.

Jambo la pili ni kifuniko. Konokono akijivuta ndani hufunga mlango wake kwa kifuniko kilichoota mguuni mwake. Katika ukoo huu kifuniko ni chembamba, cha kahawia, laini kama ukucha.

Jambo la tatu ni mahali. Andika palepale: ulimkuta juu ya jabali, au juu ya shina la mti, au juu ya jani? Juu ya alama ya maji makuu, au chini yake? Konokono asiyeandikiwa mahali alipookotwa amepoteza nusu ya habari zake. Chupa zangu zote kumi na mbili zilikosa neno hilo.

Sasa tazama jinsi alama hizi zinavyomtenga na majirani. Jirani anayechanganywa naye zaidi ni Nerita, aliye tele katika majabali yetu. Nerita ni mnene, wa mviringo, ncha yake imelala. Ukimgeuza utaona mlango wake umekaa kama nusu mwezi, na upande mmoja una ukuta bapa wenye meno. Kifuniko chake si kama ukucha, bali ni kigumu kama jiwe. Mmoja wao, Nerita plicata, ni mweupeweupe mwenye matuta yanayozunguka gamba, na hukaa juu sana, bega kwa bega na Littorina. Mwingine, Nerita textilis, ni mkubwa zaidi, na gamba lake lina madoadoa meusi na meupe. Chupa zangu nne zilikuwa za Nerita, nami nilikuwa nimewapa jina la watu wengine.

Jirani wa pili yumo katika mikoko, naye ni Cerithidea decollata. Huyu ni mrefu kama pembe, na ncha ya gamba la mkubwa huwa imekatika, hata ukimwona mara moja humsahau. Naye hupanda miti, lakini si wa ukoo wa Littorina.

Hapa nitoe onyo. Ukishuka chini zaidi, penye matumbawe na mchanga, waweza kukuta konokono mzuri wa kupendeza mwenye umbo la pia, mpana juu na mwembamba chini, mwenye mdomo kama ufa mrefu. Usimshike. Baadhi ya konokono wa namna hiyo wana mwiba wenye sumu, na mmoja wao aitwaye Conus geographus ameua watu. Kujua kumtambua konokono si mchezo wa maonyesho tu.

JAMAA WANNE

Baada ya kuwatenga majirani tulibaki na wa ukoo wenyewe. Katika matembezi yetu tumewaona jamaa wanne.

Wa kwanza ni Littoraria glabrata, ambaye ni wa mwambani. Gamba lake ni laini ukilipapasa, rangi yake nyeupe ya maziwa au ya kijivu, limechorwa mistari ya kahawia iliyokwenda mshazari. Huyu ndiye niliyemdhania kuwa yule wa kitabuni.

Wa pili ni mdogo sana, kama punje ya mahindi, na gamba lake limejaa vinundu vidogo vidogo vilivyopangwa kwa mistari. Jina lake ni Echinolittorina millegrana, na neno la pili katika jina hilo maana yake ni punje elfu. Huketi katika nyufa kwa makundi.

Wa tatu ni Littoraria scabra, ambaye ni wa mikoko. Ni mkubwa kuliko wale wa mwanzo, aweza kuzidi sentimeta 3. Gamba lake lina mifuo myembamba inayozunguka, nalo ni la rangi ya maziwa lenye vipande vya kahawia. Hukaa juu ya mashina na mizizi ya mikoko.

Wa nne ni Littoraria pallescens, na huyu ndiye aliyenifundisha nisiamini rangi. Hukaa zaidi juu ya majani ya mikoko, na gamba lake ni jembamba na jepesi, kama inavyofaa kwa mtu alalaye juu ya jani. Katika mti mmoja utamkuta wa manjano, wa kahawia na wa rangi ya waridi, na wote ni jamii moja. Mwenzangu alisema, "Ni kama watoto wa nyumba moja waliovaa nguo mbalimbali."

Msomaji asione vibaya kukosea majina haya. Katika Ulaya yuko ndugu yao aitwaye Littorina saxatilis, ambaye gamba lake hubadilika sana toka pwani hata pwani. Wataalamu waliomwona kwa nyakati mbalimbali walimwandika kuwa ni konokono mpya zaidi ya mara mia moja. Kama mabingwa wamekosea mara mia, mwanafunzi wa Kidato cha Tatu asikate tamaa kwa mara moja.

JINSI ANAVYOISHI

Swali la yule mzee lilikuwa bado linanisumbua. Kama ni konokono wa baharini, mbona anaikimbia bahari? Na akiisha kuikimbia, anaishije juani?

Nenda mwambani saa sita za mchana, maji yakiwa yamekupwa. Weka kiganja juu ya jabali, hutakiacha hapo kwa muda mrefu. Hata hivyo konokono wetu yuko palepale, hajitingishi, utadhani amekufa. Mtazame kwa karibu. Mguu wake ameuvuta wote ndani na kifuniko amekifunga. Kabla ya kujifungia ametoa ute, akaugandisha ukingo wa gamba lake juu ya jabali, na ute ule umekauka ukawa kama gundi. Kwa hiyo mwili wake haugusi jabali la moto. Ni ukingo mwembamba tu wa gamba unaogusa. Maji kidogo aliyoyahifadhi ndani hayatoki upesi. Hungoja hivyo saa nyingi, na siku za maji mafu hungoja siku nyingi.

Jua likipungua, au umande ukishuka, au rasharasha za bamvua zikimfikia, huamka. Hutoa pembe zake mbili, akaanza kutembea na kula. Chakula chake ni utando wa mimea midogo mno uliopaka jabali au gome la mti, ambao sisi tukipita juu yake huteleza tu. Hukwangua utando huo kwa ulimi wa ajabu. Ulimi huo ni utepe mrefu kuliko mwili wake, umekunjwa ndani, na umejaa meno madogo yaliyopangwa kwa mistari, saba katika kila mstari. Meno ya mbele huchakaa kwa kusugua mawe, na mapya huota nyuma yakasogea mbele. Ndiyo maana hapungukiwi na meno maisha yake yote.

Adui zake ni kaa, samaki na ndege. Kaa humshika kwa gando lake akaanza kumega ukingo wa gamba kidogo kidogo mpaka aufikie mwili. Ukiokota konokono mwenye kovu lililopinda karibu na mdomo, huenda kaa alijaribu akashindwa, na mwenye nyumba akatengeneza ukuta wake. Adui wengi huja pamoja na maji. Basi anayekaa juu hupata shida ya jua, lakini maji yakijaa huwa ameepukana na baadhi ya adui zake. Amechagua shida moja ili aiepuke nyingine, kama wafanyavyo watu wengi.

Lakini liko jambo moja ambalo hawezi kulifanya bila ya bahari, nalo ni kuzaa. Katika ukoo huu kuna mke na mume. Wengi wao, pamoja na yule wa kitabuni, hutoa mayai ndani ya vifuko vidogo mno vinavyoelea majini. Littoraria scabra wa mikoko yetu huyahifadhi mayai yake ndani ya gamba mpaka yaanguliwe, kisha huwaachia watoto majini. Watoto hao hawafanani na mama yao. Ni vidudu vidogo vinavyoogelea, navyo huchukuliwa na mkondo pamoja na uhai mwingine wa bahari kuu. Wengi huliwa. Wachache wanaobahatika huota gamba, wakarudi pwani, wakapanda mwambani au mtini kama wazazi wao.

Hivyo ndivyo nilivyopata jibu la kumpelekea mzee. Konokono huyu huikimbia bahari, lakini hawezi kuiacha. Ukimtia katika chupa ya maji umemtoa katika jabali lake, na ukimpeleka bara umemkata na watoto wake. Mahali pake ni pale mpakani tu.

JARIBIO LA KUFANYA

Chama chetu kilifanya jaribio moja ambalo mwanafunzi yeyote wa pwani aweza kulifanya bila ya kuua mnyama.

Tulichagua mti mmoja wa mchu ulio ukingoni mwa mikoko. Tukafunga nyuzi kuuzunguka mti, moja kila baada ya sentimeta 20, toka matopeni mpaka urefu wa mtu. Kisha tukawatia konokono ishirini alama ndogo ya rangi ya kucha juu ya gamba, bila ya kuwabandua. Kila mara maji yalipojaa tulikwenda kuandika kila mmoja yuko juu ya uzi wa ngapi. Tulifanya hivyo wakati wa bamvua na wakati wa maji mafu. Siku za bamvua wengi tuliwakuta juu zaidi. Hesabu zetu sizitaji, kwa sababu tulipima mara nne tu, na mara nne hazitoshi. Muhula ujao tutapima tena, na wenye kupenda waje kusaidia.

Kazi kama hii imefanywa na mabingwa hapahapa Afrika ya Mashariki. Katika miaka ya 2000 wanachuoni wa Chuo Kikuu cha Florence, Italia, walimchunguza Cerithidea decollata, yule wa ncha iliyokatika, katika Mida Creek karibu na Watamu, Kenya. Waliona kwamba maji yakipwa konokono hushuka matopeni kula, na kabla maji hayajarudi huwa amekwisha kupanda mti. Tena siku ambazo maji yatajaa sana hupanda juu zaidi, na siku ambazo yatajaa kidogo hupanda kidogo. Hungojei maji yamguse ndipo aamue. Wavuvi wetu huhesabu siku za mwezi ili kujua maji yatakavyokuwa, naye konokono anayo hesabu yake mwilini.

SHAHIDI WA PWANI

Huenda msomaji akauliza, faida ya yote haya ni nini? Konokono huyu wa kwetu hauzwi sokoni, na wenye kupamba nyumba hupenda dondo na kauri kuliko yeye.

Nitajibu kwa mfano wa Dar es Salaam. Mwaka 2001 ilichapishwa taarifa ya uchunguzi wa matope ya mikoko ya mji huo, pamoja na Littoraria scabra wanaoishi humo. Wachunguzi walipima madini mazito, kama vile risasi, ambayo yakizidi mwilini ni sumu. Mikoko ya Msimbazi ndiyo iliyochafuka zaidi, na mto huo hupita katikati ya mji ukipokea maji machafu. Madini hayo hayakuwa katika matope peke yake. Yalikuwa pia ndani ya miili ya konokono.

Konokono hawezi kuhama mji. Kila siku hukwangua kile kilichotua juu ya mti wake, akakiweka mwilini. Kwa hiyo ukimpima yeye umepima mambo yaliyopita mahali pale kwa muda mrefu, hata kama maji ya leo yaonekana safi. Ni shahidi asiyesema uwongo, wala hataki mshahara. Lakini shahidi hana kazi kama hapana anayemjua. Mtu asiyeweza kumtenga Littoraria na Nerita hawezi kusema mwaka huu wamepungua kuliko mwaka jana. Na mikoko ikikatwa yote, shahidi huondoka pamoja na mti wake.

Ndiyo sababu Chama chetu kimeanza daftari la pwani. Ndani yake tunaandika tarehe, hali ya maji, mahali, na hesabu ya kila namna ya konokono tuliyemwona. Daftari hili litakaa maktaba, karibu na kile kitabu cha Uingereza, ili mwanafunzi ajaye toka bara kama mimi avikute vyote viwili pamoja.

Katika maonyesho yajayo chupa hazitakuwako. Patakuwa na magamba matupu tuliyookota ufukoni, michoro ya midomo na vifuniko, na picha ya mti wa mchu wenye nyuzi zake. Wale konokono wachache waliobaki hai siku ile niliwarudisha mwambani jioni yake, juu kabisa, mahali pakavu. Nilimwomba yule mzee anifuate akanionyeshe mahali panapowafaa, akakubali. Tulikaa juu ya jabali tukiwatazama. Kwa muda mrefu hawakutikisika, nikadhani nao wamekufa. Kisha giza lilipoingia, mmoja akatoa pembe zake, akaanza kupanda.